Alamu Ililia Saa Kumi Jioni, Basi Lilishaondoka Saa Nne Asubuhi

Kuna swali naulizwa sana inboksi: "Dada, unatumia programu gani kupanga muda wako?" Kabla sijajibu, niwaambie kwanza habari ya madera.

Nauza madera na viatu vya watoto mtandaoni, nipo Kambarage, hapa hapa Shinyanga mjini. Wateja wangu wengi wako Kahama, Katoro na Geita, kule hela ya dhahabu inakozunguka. Mizigo inakwenda kwa basi, kwa hiyo siku yangu inapangwa na ratiba ya mabasi, nipende nisipende.

Wakati huo nilikuwa nimepakua programu moja ya kupanga kazi. Nzuri kwa macho, ina rangi, ina vikumbusho, yote kwa Kiingereza. Mteja wa Katoro akaagiza madera 12 ya zambarau, sare ya kitchen party ya Jumamosi. Akatanguliza laki moja. Tukakubaliana mzigo upande gari la Ijumaa, saa nne. Nikaandika 4:00 haraka haraka huku najibu mteja mwingine, programu ikajiwekea ya jioni. Alamu ikalia saa kumi jioni. Gari lilishaondoka saa nne asubuhi.

Mzigo wa kesho yake ungefika watu wameshakaa ukumbini. Nikarudisha laki ya watu, na yale madera nikakaa nayo miezi minne nikiuza moja moja kwa hasara. Ada ya mtoto ndiyo ilikuwa imelala humo. Yule dada hajanunua kwangu tena, na wala simlaumu.

Kosa lilikuwa langu. Niliichukua ile programu kwa sababu niliona mtu anaisifia, sikuwa hata nimejua shida yangu iko wapi. Basi kwa wiki nzima nikawa naandika nyuma ya daftari kila kitu kilichochelewa na sababu yake. Fanya hivyo na wewe kabla hujapakua chochote, na usijidanganye. Mimi nilidhani nachelewa kwa uvivu. Kumbe oda nyingi zilikuwa zinapotelea kwenye sauti: mteja anatuma sauti ya dakika tatu, naisikiliza niko sokoni, najiambia nitaandika nikifika nyumbani. Sifiki nayo.

Kwa hiyo chombo changu kikuu leo ni kaunta buku. Ndiyo, daftari. Safu zake ni jina, bidhaa, alicholipa, siku na gari, namba ya kondakta. Sauti ikiisha kusikilizwa inaandikwa pale pale, hata kama nimesimama kwenye duka la mtu. Umeme ukikatika na simu ikazima, daftari bado linasomeka.

WhatsApp Business naitumia kwa lebo tu. Ukiweka lebo ya aliyelipa na ya anayesubiriwa kulipa, asubuhi unaona mara moja nani wa kufungiwa mzigo na nani wa kukumbushwa. Lebo ziwe chache. Niliwahi kuwa nazo kumi na moja, nikawa napoteza muda kutafuta lebo.

Muda sasa. Badilisha saa ya simu iwe ya saa 24, hapo 10:00 na 16:00 haziwezi kuchanganyika. Saa zetu za mchana unaongeza 6: saa nne asubuhi ni 10:00, saa kumi jioni ni 16:00. Saa mbili usiku unaongeza 18, inakuwa 20:00. Kisha ipe alamu jina kwa Kiswahili, "gari la Katoro saa nne asubuhi", ili ikilia ujue inakudai nini. Na usiiweke saa ya gari kuondoka! Mimi naiweka saa moja na nusu kabla: kufunga, kupiga picha mzigo, kuita bodaboda, kufika stendi.

Wengine mtaambiwa mtumie Pomodoro, njia ya Mwitaliano Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi moja, kisha mapumziko ya dakika 5. Aliibuni akiwa mwanafunzi, na inamfaa mtu mwenye kitabu mbele yake. Mteja akiuliza bei ukamjibu baada ya dakika 25, keshanunua kwingine. Naitumia kwa kupiga picha bidhaa mpya, usiku, basi.

Ijumaa hii nina mizigo mitano ya Katoro. Alamu ya kwanza ni 08:30, yaani saa mbili na nusu asubuhi, na mifuko ya kufungia imebaki mitatu. Ngoja nikimbie dukani.