Daftari la Nakala Likizeeka

SWALI: Duka letu la leso hapa Biashara Street hutumia Veeam kuweka nakala za hesabu kila usiku. Fundi anataka kubadilisha hifadhidata ya Veeam, SQL Server Express 2016. Je, nakala zetu hazitapotea?

JIBU: La, hazitapotea, ndugu yangu. Nakala ni mafaili yaliyo kwenye diski. Hifadhidata ni daftari tu la kuonyesha kipi kiliwekwa wapi, lini. Lakini daftari likichanika, kutafuta mzigo stoo ni taabu.

Fundi yuko sahihi kutaka kubadilisha. Microsoft imeweka Julai 2026 kuwa mwisho wa viraka vya kawaida vya toleo hilo, na Express hiyo haibebi zaidi ya GB 10 kwa kila hifadhidata. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, Veeam huja na hifadhidata ya PostgreSQL, isiyo na kikomo hicho.

Msifanye kazi hii msimu wa Idi. Simamisheni kazi zote za Veeam, mtoe nakala ya mipangilio yake iliyofungwa kwa nywila, muiweke nje ya seva, kisha muirejeshe juu ya PostgreSQL. Mwishowe jaribuni kurejesha faili moja la jana. Likifunguka, laleni salama.