Kompyuta ya kuunganisha: Je, ni faida kulipia miaka ijayo?

Mkulima wa Bonde la Kilombero akishavuna mpunga wake huwa na njia mbili. Anaweza kuuza mara moja wakati bei iko chini, au kuuweka ghalani hadi mwanzoni mwa mwaka, wakati chakula kinapopungua na bei huelekea kupanda. Anayeweka hulipia ghala na magunia kwa kutarajia faida ya baadaye. Wafanyabiashara wengi wanaonunua kompyuta hufikiri vivyo hivyo: lipa zaidi leo, ili usilipe tena kesho. Somo la wiki hii linapima hoja hiyo kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la steshenari Lipangalala, mjini Ifakara. Kazi zake ni kuchapa barua, kutoa fotokopi, kutengeneza picha za pasipoti, na kuwajazia wateja fomu za maombi ya ajira na mikopo ya elimu ya juu kwenye intaneti. Ameuza mpunga wake na sasa anataka kompyuta ya mezani ya kuunganishwa na fundi.

Fundi amempa makadirio mawili. Mashine ya kwanza ni ya sh. 1,200,000/=, yenye prosesa ya kawaida, memori ya GB 8 na diski ya SSD. Ya pili ni ya sh. 2,400,000/=, yenye prosesa ya daraja la juu, memori ya GB 32 na kadi ya picha. Fundi anamhakikishia kuwa hiyo ya pili haitapitwa na wakati kwa miaka mingi. Bei hizi ni za mfano tu, lakini swali lenyewe hukutana nalo kila anayenunua.

Hesabu ya uchakavu

Tofauti ya kwanza kati ya mpunga na kompyuta ni kwamba mpunga ukikaa unaweza kupanda bei. Kompyuta ikitumika hushuka, na hushuka haraka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, ambapo kila mwaka hukatwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Mwenye duka dogo anayelipa kodi ya makadirio huenda asiitumie kanuni hiyo katika kodi yake, lakini ni kipimo kizuri cha kufanyia hesabu.

Kwa kipimo hicho, mashine ya sh. 2,400,000/= hubaki na thamani ya sh. 1,500,000/= baada ya mwaka mmoja, sh. 937,500/= baada ya miwili, na takriban sh. 586,000/= baada ya mitatu. Ile ya sh. 1,200,000/= hubaki na takriban sh. 293,000/= baada ya miaka mitatu. Nyongeza ya sh. 1,200,000/= aliyolipa mwanzoni sasa ni sh. 293,000/= tu vitabuni. Zaidi ya sh. 900,000/= zimeyeyuka, na barua zilizochapwa ni zile zile.

Sasa tuangalie njia nyingine. Mwenye duka ananunua mashine ya kwanza, na baada ya miaka minne ananunua nyingine ya bei ile ile. Kwa miaka yote minane atakuwa ametumia sh. 2,400,000/=, sawa na yule aliyenunua ya ghali. Lakini tangu mwaka wa tano ana mashine mpya yenye dhamana, na ile ya zamani inamfaa katika meza ya pili. Zaidi ya hayo, sh. 1,200,000/= zilikaa katika biashara kwa miaka minne, zikinunua karatasi na wino wa mashine kabla ya shule kufunguliwa Januari. Hata kama bei zitakuwa zimepanda, mtaji uliozunguka miaka minne unapaswa kuwa umezalisha zaidi ya pengo hilo.

Funzo la mwaka 2017

Wapo watakaosema kuwa hesabu za uchakavu ni za makaratasi, na kwamba mashine yenye nguvu itaendelea kufanya kazi hata kama thamani yake imeshuka. Yaliyotokea katika soko la dunia yanaonyesha hatari ya kutegemea hilo.

Januari 2017 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya Core i7-7700K, ya juu kabisa katika kizazi chake cha 7 cha kompyuta za kawaida za mezani, kwa bei ya dola 339 za Marekani. Oktoba mwaka huo huo ilitoa Core i3-8100 ya kizazi cha 8, kwa dola 117. Mwaka 2021 Microsoft ilipotoa Windows 11, orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi ilianzia, kwa karibu aina zote za Intel, kizazi cha 8. Ile ya dola 339 ikaachwa nje na ile ya dola 117 ikaingia. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Aliyenunua ya ghali hakukosea katika nguvu. Alichoshindwa kukijua ni sharti ambalo lingewekwa miaka minne baadaye na kampuni nyingine. Hata ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, haukumsaidia. Prosesa za kizazi cha 8 zilikuwa na tundu la umbo lile lile, lakini hazikukubali rasmi mazabodi za kizazi cha 7.

Somo hili linamhusu pia anayenunua mtumba. Maneno "Core i7" kwenye kibandiko hayaonyeshi umri wa mashine. Mnunuzi aulize kizazi kwanza, ndipo aulize daraja.

Vinavyodumu

Hata hivyo, si kila shilingi inayolipiwa kesho hupotea. Vipo vifaa vinavyozeeka polepole, na huko ndiko nyongeza ya fedha ina maana.

Kwanza ni kasha na pawa saplai. Mpangilio wa ATX, unaoelekeza ukubwa wa kasha na mazabodi, ulitolewa na Intel mwaka 1995 na bado unatumika. Pawa saplai nzuri huweza kuhamishiwa katika mashine inayofuata, wakati ile ya bei ya kutupa ikiungua huweza kuondoka na vifaa vingine.

Pili ni nafasi. Mazabodi yenye matundu manne ya memori, mawili yakiwa wazi, humruhusu mwenye duka kuongeza memori siku kazi itakapoidai. Aina ya tundu la prosesa nayo ni muhimu. Tundu la AM4 la kampuni ya AMD, lililotumiwa na prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017, lilipokea hadi prosesa za Ryzen 5000 zilizotoka mwaka 2020, katika mazabodi nyingi baada ya kusasisha programu ya ndani. Waliolichagua walibadilisha prosesa peke yake.

Tatu, na kwa Ifakara pengine ndiyo ya kwanza, ni kinga. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, radi za msimu wa mvua, vumbi la kiangazi na unyevu wa bonde havitofautishi prosesa ya ghali na ya rahisi. UPS nzuri, meza iliyoinuliwa juu ya sakafu na kupuliza vumbi mara kwa mara huongeza umri wa mashine kuliko memori ya GB 32. Waliokumbwa na mafuriko ya Ifakara ya mwaka 2024 hawahitaji kuelezwa maana ya kuinua vitu. Ikumbukwe tu kuwa betri ya UPS nayo huchoka baada ya miaka michache, hivyo itengewe fedha.

Pale bei inapogeuka

Hoja ya fundi ina upande wake wa kweli. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda sana duniani, baada ya watengenezaji kuelekeza uzalishaji katika vituo vikubwa vya akili mnemba. Aliyekuwa amenunua memori ya ziada mapema alifanikiwa. Lakini hiyo ilikuwa bahati ya soko, kama ya mwenye ghala. Anayetaka kubahatisha hivyo afanye kwa fedha ambazo duka halizihitaji.

Vilevile, mwenye studio ya kuhariri video za harusi ana sababu ya kununua mashine yenye nguvu, kwa kuwa saa anazookoa anaziuza leo. Huyo halipii miaka ijayo. Analipia kazi aliyo nayo mkononi.

Uamuzi

Kabla ya kulipa nyongeza yoyote, mnunuzi ajiulize maswali matatu. Je, kifaa hiki kinaweza kuongezwa baadaye bila kubadili mashine nzima? Kama kinaweza, asubiri. Je, kazi inayokidai ipo sasa? Kama haipo, asubiri. Je, mashine hii ikiungua kesho, duka litafungwa? Kama litafungwa, nyongeza iende kwenye kinga na mashine ya akiba.

Kwa mwenye duka wa Lipangalala, majibu yanaelekea upande mmoja. Achukue mashine ya sh. 1,200,000/=, aongeze kidogo kwenye pawa saplai na mazabodi yenye nafasi, na anunue UPS. Kinachobaki akiweke katika karatasi na wino, au katika printa ya pili, kabla ya Januari. Na fundi aandike kwenye risiti kizazi cha prosesa, aina ya memori na muda wa dhamana, kwa sababu siku ya kuongeza kifaa hayo ndiyo yatakayoulizwa.