Kulala chomboni hadi Tanga: beba ya kurudia

Anayetaka kukodi mashua ya tanga na kuishi ndani yake siku kadhaa, akipita Kunduchi, Bagamoyo, Saadani na Pangani hadi Tanga, kwa kawaida huanza kwa kumtafuta nahodha. Ni sawa. Ila kabla ya kukubaliana bei, mwulize atarudije.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na mkondo wa bahari wa pwani yetu nao huelekea kaskazini. Vyote viwili vinakusukuma, ndiyo maana kwenda ni raha. Kurudi Dar es Salaam ndiko kwenye kazi: mtapiga bisha mchana kutwa na jioni mtakuta mmesogea kidogo tu. Kaskazi ya Desemba hadi Machi hugeuza mambo. Kwa mtu asiyezoea bahari napendekeza Oktoba au Novemba, upepo unapolegea, hata kama mvua za vuli zitamlowanisha. Wakati wowote, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa kwa mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam, ahirisha, hata kama umeshalipa.

Basi ukishuka Mtaa wa Msimbazi kununua vitu Kariakoo, piga hesabu ya siku za kurudi, si za kwenda. Maji ndiyo ya kwanza. Lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, maana yake watu wanne wanamaliza dumu moja la lita 20 kila siku. Mkikadiria siku sita, bebeni madumu kumi, yanayozidi yawe akiba ya kuchelewa. Lifungue kila dumu ulinuse kabla ya kulipa. Lililowahi kukaa mafuta ya taa halisafishiki. Vyombo mtaosha kwa maji ya bahari.

Maharage yaache, yanakula mkaa na maji. Chukua choroko, mchele, dagaa wakavu, ng'onda, viazi, vitunguu na ndimu nyingi. Mkaa uwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Hapa kwenye jiko naomba msomaji anisikilize vizuri. Wengi siku hizi hubeba mtungi mdogo wa gesi, wakauweka chini ili usianguke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani, ukifungua mlango hutoka. Ikivuja chomboni hushuka ngamani, ikatulia pale pamoja na maji machafu bila mtu kuiona, hadi mmoja awashe kiberiti. Mtungi ukae juu, penye upepo, na valvu ifungwe kila mkimaliza kupika.

Maboya ya kuvaa yawe sawa na idadi ya watu, na kila mmoja alijaribu la kwake majini pwani kabla ya kung'oa nanga. Chombo kiwe kimekaguliwa na TASAC. Mwombe nahodha cheti ukione kwa macho yako. Usikubali kuondokea bandari bubu ili kukwepa ukaguzi.

Pa kulala pajulikane mapema. Bagamoyo maji yakipwa mchanga hutoka mbali, chombo hukaa chini. Nahodha mzuri hulijua hilo na hupanga. Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga, mwingie maji yakiwa yanajaa. Kisiwani Maziwe msipategemee: miti yake ilikwisha, na bamvua likijaa hapabaki pa kujikinga. Saadani ni hifadhi ya taifa, hamshuki bila kibali.

Mwisho, mwachie ndugu wa nchi kavu jina la chombo, majina ya wote waliomo, simu ya nahodha, na siku ambayo ikipita bila habari zenu apige 112.