Malaika Wako Ashike Jembe Kwanza

Mdogo wangu wa Mantapala, umeniambia unatunga mchezo wa mtu mmoja: malaika ameanguka kutoka mbinguni, anajifunza kuishi kama sisi. Nimefurahi sana. Ila kabla hujapanda jukwaani kuna jambo linanikosesha raha.

Watakaokutazama walikimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika, kule Kongo, kuanzia Agosti 2017, wakapokelewa kituo cha muda cha Kenani, Zambia, na Januari 2018 wakaanza kuhamishiwa hapo Mantapala mlipo, kwenye makazi ya wakimbizi. Malaika wa kanisani huangushwa kwa kiburi chake. Sasa mama aliyeacha duka lake Pweto akikusikia unalia kwamba umeadhibiwa, atajiuliza yeye alimkosea Mungu nini. Hakumkosea kitu! Usimtwishe mzigo huo. Malaika wako awe ameshuka mwenyewe, asiwe ametupwa.

Wim Wenders, Mjerumani, alifanya hivyo katika filamu yake ya 1987. Malaika Damiel amechoka kuwatazama watu wa Berlin kwa mbali, anaamua kuwa mtu. Hahubiri. Anajigusa kichwa, anaona damu, anaionja. Anamuuliza mpita njia majina ya rangi. Anakunywa kahawa ya moto. Basi, nawe unamwamini.

Wako mpange kwenye foleni ya maji, kiu imkamate na zamu bado. Jirani amsalimie kwa Kibemba, "Mulishani", akose la kujibu. Asubuhi alime, jioni afungue kiganja aone malengelenge. Hapo nyamaza, mdogo wangu. Kitazame hicho kiganja kweli, usiwatazame watu. Halafu aletewe chakula: malaika anakiita bukari, jirani Mbemba anakiita ubwali, na chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, pembeni. Njaa imfanye atie mkono haraka, aungue vidole. Watacheka, maana kila mmoja aliwahi kuungua hivyo. Waache wacheke mpaka wamalize, ndipo uendelee.

Na mabawa? Najua unataka kuyachoma jukwaani, vijana mnapenda moto. Usiyachome. Yakunje taratibu ndani ya kitenge, ufunge fundo, uyaweke yanapoonekana na wote, kama mwalimu anavyotunza diploma aliyovuka nayo mpaka. Kisha chukua jembe, uendelee kulima.