Unanunua mashine ya kukatia nyasi? Anza na kazi na trekta yako

Mvua za masika zikipungua, mfugaji wa Juja huwa na siku chache tu za jua kukata nyasi, kuzianika na kuzifunga marobota. Mashine ikiharibika wakati huo, nyasi hukomaa na kupoteza lishe, naye hulazimika kununua chakula cha ng'ombe kwa bei ya kiangazi. Kwa hivyo, iwe unanunua peke yako au kupitia kikundi, zingatia mambo haya matano kabla ya kutoa pesa.

1. Kazi yenyewe
Slasha hufaa kufyeka magugu, vichaka na nyasi za kando ya barabara. Hukata kwa kupiga, hivyo huzipasua na kuzitawanya nyasi. Kama unataka marobota ya Boma Rhodes, tafuta mashine ya ngoma au ya sahani. Hizi hukata shina mara moja na kulaza nyasi kwa mstari, tayari kwa reki. Kata Boma Rhodes inapoanza kutoa maua, na uache kisiki cha takriban sentimita 10 ili ichipuke upya na udongo usiingie kwenye robota.

2. Nguvu ya trekta
Nguvu inayofika kwenye PTO ni pungufu kuliko ya injini. Kwa makadirio, ondoa asilimia 15: trekta ya nguvu-farasi 50 hubaki na takriban 42. Slasha ya kawaida huhitaji angalau nguvu-farasi 5 kwa kila futi ya upana, kwa hivyo ya futi 6 huhitaji 30. Inayobaki ni akiba ya mlima na nyasi nzito. Hakikisha pia kwamba mashine imeundwa kwa kasi ya PTO ya trekta yako. Nyingi hutumia mizunguko 540 kwa dakika.

3. Upana
Slasha ifunike nyayo za magurudumu ya nyuma. Ikiwa nyembamba, utakanyaga nyasi ambazo hujakata, na zikishalala hazikatiki vizuri.

4. Uimara
Deki ndiyo bati linalofunika visu. Bati la milimita 3 linatosha nyasi laini. Kwa mashamba yenye mawe, chagua la milimita 4 hadi 6, lenye kingo zilizoimarishwa. Visu viweze kurudi nyuma vikigonga jiwe, na shafti iwe na klachi ya usalama au bolti inayokatika kabla giaboksi haijavunjika. Kwa mashine iliyotumika, tafuta nyufa zilizochomelewa, mafuta yanayovuja na shafti ya visu inayocheza. Visu hubadilishwa vyote pamoja, viwe na uzito sawa. La sivyo mashine itatetemeka na kuharibu beringi.

5. Usalama na vipuri
Usikubali mashine isiyo na kifuniko cha shafti ya PTO wala minyororo ya kuzuia mawe. Jiwe lililorushwa na kisu linaweza kuua mtu aliye mbali. Watoto na mifugo wasiwe karibu, na uzime injini kabla ya kugusa visu. Uliza pia kama visu na beringi zake zinapatikana Thika au Ruiru. Bei nafuu haina faida ikiwa kipuri kitaagizwa kutoka ng'ambo wakati nyasi zinakauka shambani.

Kabla ya kulipa, omba muuzaji afunge mashine kwenye trekta yako na akate kipande cha shamba mbele yako. Ukiwa Kalimoni, Theta, Murera, Witeithie au Juja mjini, zungumza kwanza na afisa wa kilimo wa wadi yako. Mweleze ekari ulizonazo, aina ya nyasi na nguvu ya trekta. Ikiwa ekari ni chache, huenda kukodisha au kununua kwa pamoja na majirani kukakufaa zaidi.