Hesabu ya Mkanda wa Injini

Katika likizo iliyopita nilipata somo la hesabu ambalo sikulipata darasani, nalo liliigharimu nyumba yetu ng'ombe wa maziwa. Nimeona vema niwaeleze wenzangu, walimu na wazazi, maana wengi wetu twategemea magari ya zamani.

Baba ana gari la Toyota HiAce la dizeli, lenye injini ya silinda 4 iitwayo 3L. Alilinunua likiwa limekwisha tumika, naye hulitumia kuchukua mazao siku za gulio. Katika injini hiyo mna mkanda wa mpira wenye meno, uitwao mkanda wa taimingi. Kazi yake ni kuunganisha krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua valvu. Krenkishafti ikizunguka mara 2, kemshafti yapaswa kuzunguka mara 1, si zaidi wala si pungufu.

Watengenezaji wameagiza mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000, na taa iliyoandikwa T-BELT huwaka mbele ya dereva kumkumbusha. Je, hiyo ni kazi kiasi gani? Tuseme gari laenda kilomita 1 kwa dakika, na injini yazunguka mara 2,000 kwa dakika. Basi katika kilomita 100,000 krenkishafti huzunguka mara 200,000,000. Ni mpira gani usiochoka?

Kwetu taa iliwaka kabla ya mavuno. Fundi akamwambia Baba, "Mzee, mkanda huu usiuchezee." Akamhesabia hivi: mkanda Sh. 60,000, roli ya kuukaza Sh. 50,000, sili za oili Sh. 30,000, na ufundi Sh. 60,000. Jumla Sh. 200,000. Baba aliona gari laenda vizuri, halitoi moshi wala halina kelele, akasema tungoje mavuno yapite. Simlaumu. Mkanda huu waweza kufanya kazi vizuri mpaka dakika ile ile ukatikapo.

Ulikatika njiani, gari limejaa mahindi. Kemshafti ikasimama, valvu nyingine zikiwa wazi, na pistoni zikaendelea kupanda. Katika injini ya dizeli kama hii hewa hubanwa kama mara 22, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo sana. Valvu zikagongwa, zikapinda.

Si kila injini iko hivyo. Ile ya petroli iitwayo 4A-FE, mkanda ukikatika, huzimika tu bila valvu kugongwa. Na 1NZ-FE haina mkanda bali ina cheni. Yafaa kila mwenye gari aijue injini yake.

Hii ndiyo hesabu ya pili: mkanda, roli na sili Sh. 140,000, valvu 8 kwa Sh. 35,000 kila moja, Sh. 280,000; gasketi ya silinda hedi Sh. 80,000, kuchonga hedi Sh. 150,000; ufundi Sh. 250,000, kuvuta gari Sh. 100,000. Jumla Sh. 1,000,000, yaani mara 5 ya ile ya kwanza. Bei hizi ni za kwetu. Kwingine huenda zikawa mbali nazo. Tena gari lilikaa wiki 3 bila kuleta hata senti, na hapo ndipo ng'ombe alipouzwa.

Jioni moja nilichukua kalamu, nikagawanya Sh. 200,000 kwa kilomita 100,000. Nikapata Sh. 2 kwa kilomita. Gari letu huenda kama kilomita 50 kwa siku, basi deni la mkanda lilikuwa Sh. 100 kila siku. Fedha hizo zilituonekea nyingi kwa sababu zilidaiwa zote siku moja, na sisi hatukuwa tumeweka kitu.

Siku hizi Baba ana kopo la Sh. 100. Pia ameandika kilomita na tarehe ya mkanda mpya kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango. Anunuaye gari lililotumika asiyeonyeshwa maandishi kama hayo, na aubadilishe mkanda mara moja, maana namba za kilomita zaweza kurudishwa nyuma.

Zoezi: Gari laenda kilomita 80 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Mkanda mpya utatakiwa baada ya miezi mingapi?