TUNUNUE GARI GANI?

Safari hii tunaleta somo la hesabu. Hatukulitoa kitabuni. Lilitokea kikundini kwetu, na nusura litunyang'anye mashamba.

Sisi ni kikundi cha watu 16, wakulima wa kando ya barabara ya Makambako na Njombe. Tunalima viazi na parachichi, na wachache wetu wana miti. Tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka sita. Mwaka juzi tukafungua sanduku na daftari, tukahesabu, tukakuta tuna shilingi milioni 32. Tukaitisha kikao. Je, fedha hizi tuzifanyie nini?

Wengine walitaka mashine ya kukoboa. Wengine walitaka bajaji. Ndipo akasimama kijana mmoja wa kikundi chetu, ambaye kazi yake ni ya stendi ya Makambako. Akasema: "Shikamooni wazee wangu. Wageni wanashuka pale kila siku na mabegi yao ya ngozi. Wanauliza gari zuri la kuwapeleka Njombe, na gari hakuna. Hao hawapandi bajaji. Wanataka shangingi."

Maneno yake yalikuwa na ukweli. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo. Barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Tangu Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012, maofisi yameongezeka. Wanakuja wanunuzi wa parachichi, watu wa mbao na chai, watu wa mabenki na wa miradi. Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60, lami tupu.

Basi wote tukapiga makofi. Wiki iliyofuata dalali akatuletea gari la kuonyesha. Lilikuwa Land Cruiser V8, jeupe, viti vya ngozi, linang'aa kama sufuria mpya. V8 maana yake injini ina pistoni nane, zimepangwa nne huku na nne huku mfano wa herufi V. Injini yake ilikuwa cc 4,600. Cc ni kipimo cha ukubwa wa tumbo la injini, na cc 1,000 ni sawa na lita moja. Bei: shilingi milioni 92. Dalali akasema tusiogope, milioni 60 zilizopungua tutakopa, na dhamana itakuwa mashamba yetu.

Tulikuwa tumekwisha kuikubali kalamu. Mama mmoja wa kikundi, aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hilo gari linakula nini?"

Tukacheka. Mwenyekiti akajibu, "Linakula petroli, mama."

"Najua ni petroli. Nauliza linakula kiasi gani. Hata ng'ombe simnunui kabla sijauliza anakula pumba debe ngapi."

Hakuna aliyejua. Hata dalali hakujua, au alijua akanyamaza. Kikao kikaahirishwa.

Hesabu ya mafuta

Njia ya kupima ulaji wa gari ni rahisi, na haihitaji fundi. Jaza tenki hadi juu kabisa. Andika namba ya kilomita iliyo mbele ya dereva. Nenda safari yako na urudi. Jaza tena tenki hadi juu, kwenye pampu ile ile. Lita ulizoongeza sasa ndizo zilizoliwa. Kisha chukua kilomita ulizokwenda, ugawanye kwa lita hizo.

Tulifanya hivyo kwa magari matatu. La kwanza ni lile V8. La pili ni Prado la petroli, cc 2,700, ambalo mwenyewe alitaka milioni 52. La tatu ni Harrier la cc 2,400, bei milioni 29. Harrier ni gari la Toyota la starehe. Matoleo yake ya mwanzo yaliuzwa nchi nyingine kwa jina la Lexus RX, kwa hiyo mgeni akiliona hajidharau. Kila moja tulilipeleka kutoka Makambako hadi Njombe na kurudi, yaani kilomita 120.

V8 lilikula lita 24. Prado lilikula lita 15. Harrier lilikula lita 12.

Sasa gawanya. 120 kwa 24 ni 5. V8 linakwenda kilomita 5 kwa lita moja. Prado kilomita 8. Harrier kilomita 10. Tuseme lita moja ya petroli ni shilingi 3,000. (Bei halisi hupanda na kushuka, EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi.) Safari moja ya V8 ni shilingi 72,000. Ya Prado ni 45,000. Ya Harrier ni 36,000.

Tulikuwa tumepanga kumtoza mgeni shilingi 100,000 kwa kwenda na kurudi. Toa mafuta, na toa shilingi 10,000 za dereva. V8 linatuachia 18,000. Prado linatuachia 45,000. Harrier linatuachia 54,000. Gari kubwa kuliko yote ndilo lililotuachia kidogo kuliko yote! Dalali aliposikia alisema ati V8 tungetoza zaidi. Tukawauliza wageni stendi. Walisema watalipa zaidi kidogo, si mara mbili.

Deni linavyokula

Tukaja kwenye mkopo. Karatasi ilisema riba ni asilimia 18 kwa mwaka, kulipa kwa miaka miwili. Hapa, ndugu msomaji, soma polepole, maana wengi wanaumia hapa. Kuna riba inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, ambayo hupungua kadiri unavyolipa. Na kuna riba inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama umekwisha kulipa nusu. Zote mbili zinaweza kuandikwa "asilimia 18". Ya kwetu ilikuwa hiyo ya pili. Hatukuambiwa, tuliiona wenyewe kwenye karatasi, ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo.

Asilimia 18 ya milioni 60 ni 10,800,000. Kwa miaka miwili ni 21,600,000. Jumlisha na mkopo, unapata 81,600,000. Gawanya kwa miezi 24. Kila mwezi tungelipa shilingi 3,400,000.

Safari moja ya V8 inaacha 18,000. Kwa hiyo kulipa deni tu tungehitaji safari 189 kila mwezi, zaidi ya sita kwa siku, Jumapili hadi Jumapili. Gari moja haliwezi. Mwenyekiti aliposoma namba hiyo alivua kofia.

Prado je? Tungekopa milioni 20. Kwa riba ile ile tungelipa kama shilingi 1,133,000 kwa mwezi, yaani safari 26. Hiyo siyo ndoto. Hapa ndipo tulipobishana kwelikweli, siku mbili. Waliotaka Prado walisema lina chesisi ya chuma chini na limeinuka, tope halilizuii. Waliotaka Harrier walisema halina deni.

Ili kukata maneno tulimtuma yule kijana akae stendi siku 30 na daftari. Kazi yake ilikuwa kuandika kila mgeni anayetaka gari zima, na anakokwenda. Aliandika wageni 41. Kati yao 30 walikwenda kwenye lami tu. Saba walikwenda njia ya vumbi. Wanne walikwenda mashambani kwenye njia mbaya. Tukajua wenye magari wengine nao wapo, hatutapata wote. Tukakadiria nusu, safari 20. Na 20 haifiki 26. Tukapiga kura: tisa Harrier, saba Prado. Wawili kati ya wale saba walidai fedha zao wakajitoa. Iliuma, maana mmoja alikuwa mweka hazina wetu wa kwanza.

Kulikagua kabla ya kulipa

Harrier lenyewe hatukulichukua kwa macho. Tulimlipa fundi asiyemjua muuzaji. Alituambia tuliwashe asubuhi, injini ikiwa baridi, mtu asimame nyuma. Moshi wa buluu maana yake linachoma oili. Injini nyingine za cc 2,400 za aina hiyo zinajulikana kwa kula oili, kwa hiyo alichomoa kijiti cha kupimia, akalitembeza gari, akakichomoa tena. Akaingia chini kutazama kutu. Magari mengi yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, na yale yaliyotoka sehemu za theluji hupata kutu kwa sababu barabara humwagiwa chumvi.

Kisha akatazama kanyagio la breki na usukani. Namba za kilomita zinaweza kurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Mpira wa kanyagio uliolika haudanganyi. Gari likisema kilomita 60,000 na kanyagio limelika hadi chuma, ondoka.

Sisi tuliongeza letu moja: hita. Dar es Salaam mgeni anauliza kiyoyozi. Njombe ipo juu karibu mita 2,000, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Mgeni wa huku anauliza hita. Uliza pia taa za ukungu. Ujue vilevile kwamba hewa ya milimani ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwenye urefu huo. Gari lililokimbia vizuri Dar es Salaam linaweza kuhema kwenye mlima wetu. Lijaribu huku huku.

Karatasi nazo zina kazi yake. Namba ya chesisi iliyo kwenye gari ilingane na ya kwenye kadi. TRA watakuambia kama kadi ni halali. Gari la kubeba abiria kwa malipo linatakiwa leseni ya LATRA, chombo kilichochukua kazi hiyo ya SUMATRA mwaka 2019, na namba zake huwa nyeupe, si za njano kama za gari binafsi. Dereva awe na daraja la leseni linaloruhusu abiria. Tulikata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika, maana gari ni la watu 14 na hakuna mmoja wetu anayeweza kulilipa peke yake.

Kama unataka kuagiza mwenyewe kutoka nje, uliza ushuru kwanza. Gari lenye cc zaidi ya 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko dogo, na gari kuukuu huongezewa tena kwa sababu ya umri. Viwango huweza kubadilika kila bajeti, kwa hiyo usitumie karatasi ya mwaka jana.

Tulipokosea

Kijana wetu alihesabu wageni mwezi wa Agosti. Agosti ni kiangazi! Hatukufikiri. Ilipofika Januari, mvua ikinyesha, wageni wa mashambani waliongezeka, wanakwenda kutazama parachichi na chai. Siku moja tulimpeleka mnunuzi upande wa Lupembe. Harrier likakaa kwenye tope kwa tumbo. Mgeni yule alitembea pekupeku, viatu mkononi, hadi kijijini, na hakutupigia simu tena. Wale wa Prado walitutazama tu. Hawakusema kitu, na walikuwa na haki ya kusema.

Sasa tumepatana na mwenye Land Cruiser la kazi, kuukuu, baya kwa sura. Mgeni wa tope anapanda hilo. Mwenyewe anachukua nauli, sisi anatupa shilingi 10,000 kwa kumletea mteja. Gari letu linabaki kwenye lami na vumbi jepesi.

Daftari letu linaonyesha wastani wa safari 19 kwa mwezi. Mara 54,000 ni shilingi 1,026,000. Humo tunatoa bima, oili, leseni na akiba ya matairi. Gari bado halijarudisha fedha zake, na kwa mwendo huu litachukua zaidi ya miaka mitatu. Mashamba yote bado ni yetu.

Hesabu za kufanya nyumbani

1. Gari limekwenda kilomita 144, likala lita 18. Lita moja ni shilingi 3,000. Kilomita moja inakula mafuta ya shilingi ngapi?

2. Matairi manne ya V8 ni shilingi 600,000 kila moja. Ya Harrier ni 250,000 kila moja. Yote hudumu kilomita 40,000. Matairi yanagharimu shilingi ngapi kwa kilomita moja, kwa kila gari?

3. Rudia hesabu ya mkopo wa milioni 60, lakini kwa miaka mitatu. Malipo ya kila mwezi yamepungua kwa kiasi gani? Na riba yote imeongezeka kwa kiasi gani?

Majibu: (1) Shilingi 375. (2) V8 shilingi 60, Harrier shilingi 25. (3) Malipo ni kama shilingi 2,567,000 kwa mwezi, yamepungua kama 833,000; riba imeongezeka 10,800,000.